Msimu wa Njiwa wa Ewald Hüsken

Jumapili, 3 Aprili 1983. Pasaka.
Daftari hili ni mali ya chama cha njiwa wa mashindano, Rudi Nyumbani, tawi la Bruckrath, na katibu mpya ni mimi, Friedhelm Skrotzki. Nimepita kwa kura zote kwa sababu mwandiko wangu ni mbovu kuliko wa mwanachama yeyote, kwa hiyo hakuna atakayeweza kubishia matokeo. Wanaume kumi na tisa walicheka, nikacheka kuwazidi. Kurasa ni mia mbili, na matokeo ya msimu mzima hayamalizi thelathini. Zilizobaki ni zangu. Karatasi tupu ni kama glasi tupu, inamtia mtu simanzi.

Kwa atakayeliokota: nina miaka arobaini na minane. Naendesha winchi ya juu kwenye tanuru la kiwanda cha chuma, Gerlindenhütte, ngazi sitini na mbili kutoka chini, na katika bonde zima la Ruhr hakuna anayeweza kushusha mzigo wa tani kumi juu ya yai bila kulivunja isipokuwa mimi. Shule nilisoma miaka sita, miwili kati ya hiyo tukiwa handakini. Lakini dunia naijua: nimekunywa Antwerp, nimependwa Rotterdam, nimepigwa Marseille.

Traudel mke wangu amechungulia hapa begani. "Mbona hujaandika aliyekupiga Marseille alikuwa mwanamke?"

Jumapili, 10 Aprili.
Mazoezi: njiwa wamepelekwa kilomita arobaini, wakaachiwa waruke kurudi nyumbani. Mvua nyepesi. Walioondoka ishirini na wawili, waliorudi ishirini na wawili. Hakuna asiyerudi.

Ijumaa, 15 Aprili.
Ewald alikuja bandani jioni baada ya kazi. Banda ni letu sote wawili, limepanda juu ya ukuta unaotenganisha bustani yake na yangu. Nusu ya njiwa ni wake, nusu wangu, kinyesi chote nasafisha mimi kwa sababu yeye ni mtu mkubwa.

Lazima nimweleze Ewald Hüsken. Tuliingia kiwandani siku moja mwaka 1949, tukiwa na miaka kumi na minne, suruali zimefungwa kamba. Nilipotoroka kwenda melini na kurudi baada ya miaka miwili sina hata soksi, msimamizi alisema hanitaki. Ewald alikuwa amechaguliwa mjumbe wa wafanyakazi juma lile lile, miaka ishirini na miwili, masikio makubwa kuliko cheo. Akaingia ofisini kwa msimamizi, akakaa kitini, akasema hatatoka mpaka Skrotzki arudishiwe kazi. Alikaa saa saba. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya kwanza, na hakusema neno.

Maneno yalikuja baadaye. Mwenyekiti wa baraza la wafanyakazi, kisha kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma mkoa mzima. Katika ule mgomo wa majira ya baridi alisimama getini wiki sita kando ya mapipa ya moto, theluji hadi magotini, akihutubia watu elfu tatu bila karatasi. Ewald hasomi hotuba. Anasema mwenye kusoma ana kitu cha kuficha nyuma ya karatasi.

Mwaka jana alimzika mke wake, Hedwig. Tangu hapo anakula kwetu.

Leo alisimama akimkuna kidevu dume wake mkongwe, yule wa rangi ya jivu tunayemwita Meya. Akasema, "Friedhelm, mkurugenzi wa masuala ya wafanyakazi anastaafu."

"Mungu ampe bustani kubwa."

"Wanataka niingie mimi."

Nikapiga yowe hadi njiwa wakaruka. Kwetu sisi wa chuma na makaa ya mawe, kiti hicho hakipati mtu bila ridhaa ya wafanyakazi. Ndiyo sheria yetu tunayojivunia kuliko kanisa: matajiri wana viti vyao pale juu, lakini kimoja ni chetu. Mtoto wa mtaa wetu kwenye meza ile! Nikamwambia nitaleta bia.

"Ngoja," akasema. Alikohoa, kile kikohozi chake kikavu cha vumbi la tanuru. "Hali si nzuri huko. Tuseme siku moja ikabidi pafungwe. Afadhali afunge mgeni, au mmoja wetu?"

Nilikuwa tayari na kopo la bia mkononi. Nikasema, "Bwana we, ikibidi kuchinjwa, afadhali uchinjwe na anayejua shingo ilipo."

Nilicheka sana. Yeye alitabasamu, akamrudisha Meya kwenye kichumba chake, akafunga taratibu.

Jumatatu, 18 Aprili.
Mkutano wa wajumbe wa wafanyakazi, nami ni mmoja wao. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kumpendekeza Ewald, nikaunyoosha juu hadi bega likalia. Mikono sitini na mitatu. Mmoja haukuinuka: wa Nurettin Akbulut, anayefunga mizigo chini ya winchi yangu. Miaka kumi na mmoja uhai wake uko kwenye vidole vyangu, na bado ananisumbua.

"Kaka Friedhelm," akaniambia kwenye ngazi, "kijijini kwetu Anatolia tulikuwa na mbwa mzuri sana wa kulinda kondoo. Mzuri mno. Tukampandisha cheo, tukamwingiza ndani akae na bwana mkubwa."

"Ikawaje?"

"Akawa anabweka vizuri vilevile. Ila sasa alikuwa anatubwekea sisi."

"Wewe una wivu tu kwa sababu njiwa wako wanaishia kwenye sufuria."

"Wangu nawala. Wako unawapa kura."

Jumapili, 24 Aprili.
Mashindano ya kwanza, kutoka Aschaffenburg. Upepo wa mashariki. Meya amekuwa wa tatu mkoa mzima! Walioondoka kumi na wanane, waliorudi kumi na saba. Asiyerudi mmoja, jike wangu mweupe. Mlango nimeuacha wazi.

Jumapili, 1 Mei.
Hakuna mashindano. Maandamano, bendi, maua mekundu vifuani. Ewald alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho kama kiongozi wetu. Akasema, "Mimi siondoki. Nabadilisha dirisha tu." Watu walilia. Nami nililia, nikamwambia Traudel ni moshi wa soseji.

Ijumaa, 6 Mei.
Ewald amehama. Kampuni imempa nyumba ng'ambo ya mto, msituni, kilomita kumi na tisa, ngazi za mawe na mama wa kufanya usafi. Bandani alichukua madume sita wakongwe, Meya akiwemo, akaacha majike wao kwetu.

Nilishika tumbo kwa kucheka. Mwanachama yeyote wa Rudi Nyumbani anajua mambo mawili kabla hajajua kufunga vifungo. La kwanza: njiwa mkongwe hahamishwi. Umjengee jumba la dhahabu, ukimfungua tu anarudi alikozaliwa. La pili: dume huruka mbio kwa sababu ya jike aliyeachwa nyumbani. Ndiyo mbinu yetu nzima, tunawaita wagane. Tunawatenganisha wiki nzima, wanaonana dakika chache kabla ya safari. Na huyu bingwa wa mkoa anachukua madume, anaacha majike!

"Cheo kimemla akili," nikamwambia Traudel.

"Au msiba," akasema. Alikuwa anamfungia Ewald keki kwenye kitambaa.

Jumamosi, 7 Mei.
Saa tisa alasiri, madume sita juu ya paa letu, wamevimba kama maaskofu. Saa kumi gari jeusi la kampuni, Ewald na kikapu. "Wamenitoroka," akasema. Akanywa kahawa vikombe vitatu, akala kipande cha keki, akawakamata, akaondoka.

Jumamosi, 14 Mei.
Vilevile. "Wafungie hata mwezi, mzee!" nikamwambia. "Nani alikufundisha ufugaji, shangazi yangu?" Akasema dirisha la banda halifungi vizuri. Vikombe vitatu.

Jumapili, 15 Mei.
Kutoka Regensburg. Mvua ya mawe njiani. Walioondoka kumi na saba, wengine wakijaza nafasi za madume wa Ewald, waliorudi kumi na wawili. Wasiorudi watano.

Jumamosi, 21 Mei.
Madume sita, gari jeusi, kahawa. Majirani wanaangalia saa kwa gari lile.

Nilimuuliza kule juu kukoje. Akasema zulia ni nene, husikii hata hatua zako mwenyewe. Nikamwambia huo ndio ukubwa. Hakucheka. Zamani nilikuwa nikimchekesha hadi anashika ukuta. Sasa naona nafanya kazi kama ng'ombe ili nimwone meno mawili tu.

Jumamosi, 28 Mei.
Mvua. Alikuja vilevile.

Jumamosi, 4 Juni.
Amekonda. Koti jipya linamvaa badala ya yeye kulivaa. Traudel alimwambia alale kidogo kwenye kochi, akalala saa mbili viatu vikiwa miguuni. Alipoamka alikaa akitazama dirisha la jiko lao la zamani, ng'ambo ya ukuta, ambako sasa wanakaa vijana wawili wenye redio.

"Hedwig alikuwa anaweka chungu cha maua pale," akasema.

Nilikuwa na mzaha mzuri kuhusu redio. Nikaumeza. Hiyo ni mara ya kwanza tangu mwaka 1949.

Jumapili, 12 Juni.
Kutoka Passau. Joto. Walioondoka kumi na wawili, waliorudi kumi na mmoja. Asiyerudi mmoja.

Alhamisi, 16 Juni.
Bodi imekaa leo. Watu kumi na mmoja: watano wetu, watano wao, na mmoja wa katikati anayedaiwa kutokuwa na upande. Hakuna aliyetoka kutwambia neno. Nurettin anasema ukiona mpishi anatoka mlango wa nyuma, usiulize chakula.

Jumamosi, 18 Juni.
Madume wamekuja. Ewald amekuja. Kikombe kimoja tu. Getini akaniambia, "Jumatatu kuna mkutano wa wafanyakazi wote. Ukae mstari wa mbele, Friedhelm. Nitakutafuta kwa macho."

Jumatatu, 20 Juni.
Naandika hapa mezani, Traudel amefunga mlango na kunipa chai yenye kitu ndani. Nitaandika yote, maana kesho nitaanza kuyapamba, najijua.

Ukumbi wa kuviringishia chuma, kinakobanwa kuwa mabamba, ulikuwa umesafishwa. Watu elfu tatu na mia nne, mashine zimezimwa. Mtu ambaye hajafanya kazi kwetu hajui ukimya ule. Ni kama kuweka sikio kwenye kifua cha mama yako usisikie kitu. Mstari wa mbele nilikaa mimi, Nurettin kushoto kwangu.

Mwenyekiti wa kampuni hakuja. Hakuna mwingine aliyekuja. Walimtuma Ewald peke yake. Alipanda jukwaani na helmeti nyeupe, maana wakurugenzi ni nyeupe na sisi ni njano. Akasimama mbele ya kipaza sauti, akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi.

Sikumtazama uso. Nilikuwa natazama ile karatasi. Nilisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi, wazee wote waliosimama naye kwenye mapipa ya moto. Sote tulijua kabla hajafungua mdomo.

Akasoma. Matanuru yote mawili yanazimwa Septemba. Ukumbi wa kuviringisha unabaki, na watu mia nane. Waliovuka hamsini watastaafu mapema. Kwa waliobaki, kampuni itajitahidi. Alisoma "itajitahidi" mara mbili kwa sababu alikuwa amepoteza mstari.

Mtu akapiga mluzi. Kisha mia, kisha wote, na mluzi wa watu elfu tatu chini ya paa la bati si sauti, ni kitu kinachokugusa ngozi. Ewald aliendelea kusoma. Niliona midomo tu.

Nurettin akasimama kwenye benchi. Hakutukana. Akapaza sauti, "Ndugu zangu! Huyu alituambia anabadilisha dirisha tu. Basi na sisi tumwonyeshe tunakoangalia." Akageuka, akampa mgongo.

Watu wakaanza kugeuka, wengine hapa, wengine kule, ukumbi mzima. Mluzi ukakatika. Zilisikika buti tu.

Ewald akaacha kusoma. Akaiteremsha karatasi. Akanitafuta kwa macho, kama alivyoahidi, akanipata.

Mimi katika maisha yangu nimekuwa wa kwanza au wa mwisho. Wa kwanza kunywa, wa mwisho kuondoka. Wa kwanza kunyoosha mkono, muulize yeyote. Leo niligeuka nikiwa katikati. Kabla yangu walishageuka wengi, na baada yangu wengi. Nikatazama mgongo wa mtu nisiyemjua. Shati lake lilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa kijani.

Nyuma yangu kikohozi kikavu, mara mbili, ndani ya kipaza sauti. Kisha hatua zikishuka ngazi za chuma. Chuma si zulia. Kila hatua niliisikia.

Jumamosi, 25 Juni.
Sikudhani angekuja. Madume walifika saa tisa, gari saa kumi.

Traudel alitoka na kahawa kama kawaida. Nikamwambia arudi ndani. Akaniangalia vibaya, akaweka kikombe kwenye ukuta, akaenda.

"Nimeokoa mia nane," Ewald akasema. "Mgeni angefunga hadi choo."

"Ulijua lini?"

"Friedhelm."

"Lini, mzee? Nilipokunyooshea mkono ulikuwa unajua?"

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Nilihisi. Hesabu nilizikuta baadaye. Lakini nilihisi."

"Ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Nilikuuliza. Hapa hapa, Meya mkononi. Nilikuuliza afadhali nani."

Kwanza sikukumbuka. Ndipo nikakumbuka, na kopo mkononi, na kicheko.

"Nilikuwa natania! Ewald! Mimi natania msibani, natania nikiungama! Watu wote wanajua, hata padri anajua!"

"Nilimuuliza mtu mmoja tu," akasema. "Hedwig hayupo. Nikakuuliza wewe."

Ilinipasa kukaa kwenye ndoo ya pili. Ndoo ilikuwepo. Badala yake nilishikwa na hasira, ya nani sijui, na mdomo wangu ambao umewahi kunitoa jela ya Marseille ukasema: "Chukua ndege wako. Na safari hii uwafunge vizuri, ununue kufuli kama mtu mzima. Sitaki kuwaona tena juu ya paa langu."

Aliinuka polepole. Akawakamata mmoja mmoja, Meya wa mwisho. Kahawa hakuigusa. Ilikaa ukutani hadi mvua ikaijaza.

Jumapili, 26 Juni.
Kutoka Linz. Waliorudi tisa, wasiorudi wawili.

Jumamosi, 2 Julai.
Paa tupu.

Jumamosi, 9 Julai.
Paa tupu. Traudel ametengeneza keki, hakuna aliyeikata.

Jumamosi, 16 Julai.
Paa tupu. Hatimaye amejifunza kufunga dirisha, nikasema. Traudel akasema, "We Friedhelm, kuna siku utasema kitu, halafu utasikia ulichosema."

Jumapili, 31 Julai.
Mashindano ya mwisho ya wakongwe. Majike sita wa wale madume wanakaa kwenye vichumba wakitazama mlango. Nimeombwa niwapandishe kwa madume wengine. Sijafanya hivyo.

Jumatano, 10 Agosti.
Barua za kuachishwa kazi. Postmani wetu alipita mtaa mzima akitembea kama anabeba jeneza. Yangu ina mistari saba. Mwisho kuna sahihi: Hüsken, na ile H yake kama geti. Naijua tangu tulipojaza fomu za ajira, alipojaza na yangu kwa sababu mimi nilikuwa sijui kuandika neno "raia".

Nilitafuta kama ameandika chochote kingine kwa mkono. Nikageuza nyuma. Nikaiinua dirishani dhidi ya jua. Hakuna.

Jumatatu, 15 Agosti.
Njiwa wachanga wameanza. Kilomita themanini. Nimesahau kuhesabu.

Ijumaa, 2 Septemba.
Leo tumetoa chuma cha mwisho.

Tanuru letu lilikuwa halijapoa tangu lilipojengwa upya baada ya vita. Watu walikuja na wake zao, wastaafu walikuja na fimbo, bendi ilikuja ikakosa wimbo wa kupiga. Mimi nilikuwa juu kwenye winchi. Nimeomba iwe zamu yangu na hakuna aliyebisha. Kutoka juu naona helmeti tu, sioni nyuso, na leo nilishukuru.

Walipotoboa mdomo wa tanuru na chuma kikaanza kutiririka, nikaona helmeti moja ya njano ikisimama peke yake kando ya nguzo, nafasi imeachwa pande zote, kama tone la mafuta ndani ya maji. Ilikuwa njano iliyopauka, ya mtindo wa zamani, na juu yake imeandikwa E.H. kwa rangi nyekundu. Rangi hiyo niliipaka mimi mwaka 1958, nikamwagia na viatu vyake.

Hakuja na nyeupe. Alikuja na yake.

Nikamwona Nurettin akimwendea. Hawakuzungumza sana. Ewald akavua helmeti, akampa, akabaki kichwa wazi, mvi zote, cheche zikiruka. Alisimama hivyo hadi mtiririko ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukakatika.

Nilifunga winchi. Nikashuka. Ngazi sitini na mbili, nimezishuka miaka ishirini na sita, leo ziliongezeka. Nilikuwa natayarisha la kusema na kila ngazi nilipata mzaha, nikautupa, nikapata mwingine. Nilipofika chini nilikuwa nimebaki na jina lake tu.

Nurettin alikuwa ameshika ile helmeti kwa mikono miwili kama sufuria ya supu ya moto.

"Nilimwambia, bwana mkurugenzi, hii si yako tena," akasema. "Kaka, nilidhani atabisha. Kwa nini hakubisha? Yeye anabishana na kila mtu!"

"Ameenda wapi?"

Nurettin akatazama geti. Machozi yalikuwa yamechora mistari miwili kwenye masizi ya uso wake. Akanisukumia helmeti kifuani. "Chukua. Mimi siwezi kuingia nayo nyumbani."

Jumamosi, 3 Septemba.
Saa tisa alasiri: wote sita! Juu ya paa, Meya mbele!

Traudel alichemsha kahawa mbio, mimi nikafuta ndoo zote mbili, nikaziweka uso kwa uso. Nilinyoa. Helmeti nimeipangusa, nimeiweka mezani. Majike waliposikia mabawa wakaanza kulia banda zima. Niliacha mlango wazi, madume wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kichumba chake, kama watu wanaorudi zamu.

Saa kumi. Saa kumi na moja. Kila gari nilisimama.

Kahawa tuliinywa sisi.

Jumatano, 7 Septemba.
Nimekwenda mwenyewe, tramu hadi mtoni, kisha kwa miguu, Meya kwenye kikapu ili niwe na sababu. Mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu.

Mapazia yamefungwa. Yule mama wa usafi alikuwa anatoa mazulia nje, mwanamke mkavu, haniamini mimi wala kikapu changu. Akasema bwana ameacha kazi. Ijumaa alirudi kutoka kiwandani kichwa wazi, akaandika barua yake ya kujiuzulu akiwa amesimama, kesho yake mchana akaenda kwa dada yake Flensburg na sanduku moja.

Nikaomba nione banda tu.

Banda zuri, mbao mpya. Nikakagua dirisha, lile lisilofungwa vizuri. Linafungwa kama sanduku la benki.

"Alikuwa anawafungua mwenyewe," yule mama akasema nyuma yangu. "Kila Jumamosi baada ya chakula. Anasimama hapo anawatazama wakipotea. Halafu ananiambia, haya, wametoroka tena, niletee koti. Na akifurahi, bwana wewe, siku nyingine zote hafurahi." Akaonyesha kufuli jipya likining'inia kwenye msumari. "Hili alilinunua Juni. Hakuwafungua tena mpaka Jumamosi hii alipoondoka. Mimi nikadhani ndege wameugua."

Nilikaa kwenye kizingiti. Miaka thelathini na minne nafuga njiwa. Madume akachukua, majike akaacha. Bingwa wa mkoa. Mwanachama yeyote wa Rudi Nyumbani angeona, mtoto angeona, na mimi nilicheka.

Nikafungua kikapu. Meya akapanda, akazunguka msitu mara moja, akashika njia ya Bruckrath. Nilipofika nyumbani kwa tramu alikuwa amekwisha kula.

Ijumaa, 9 Septemba.
Nimepiga simu Flensburg. Traudel alisimama karibu ameshika waya kama vile nitaanguka. Dada mtu akapokea. Nikasema ni Friedhelm, Skrotzki, wa njiwa.

Akafunika simu kwa mkono. Kisha: "Anasema hayupo."

Nyuma yake nikasikia kikohozi. Kikavu, mara mbili.

Nikasema, "Basi mwambie huyo asiyekuwepo kwamba ndoo yake ipo." Nikataka kuongeza mengine, lakini mdomo huu, siku ulipohitajika, ukakauka. Tulibaki hivyo, mimi nimeshika simu huku, mtu anakohoa kule, mpaka dada mtu akasema pole sana na kukata.

Jumapili, 11 Septemba.
Mwisho wa msimu. Kila katibu hufunga daftari kwa jumla kuu, nami nafunga, kwa mwandiko ambao safari hii nimejitahidi usomeke.

Kituo cha kuachilia: nyumba ya ng'ambo ya mto. Umbali: kilomita kumi na tisa. Hali ya hewa: wazi, upepo hafifu. Walioondoka Bruckrath tarehe 6 Mei: saba. Waliorudi: sita.

Asiyerudi: mmoja. Mlango nimeuacha wazi.